Majina ya Wafinyanzi wa Tawa

Bernadeta wa Tawa alikuwa na viganja vipana kuliko vya mume wake, na jambo hilo Lukasi, mume wake, alilionea fahari. Mgeni akifika nyumbani kwao, juu kidogo ya njia iendayo misheni ya Matombo, hakosi kuambiwa anyooshe mkono wake aulinganishe na wa mama mwenye nyumba. Bernadeta alikuwa akicheka na kuunyoosha wake, udongo mkavu ukiwa bado kwenye kucha, na mgeni akishindwa Lukasi hupiga paja kwa furaha kana kwamba yeye ndiye aliyemuumba.

Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake mzaa mama, Chausiku, zamani kabla Wadachi hawajaingia nchini. Chausiku hakuwa mtu wa maelezo. Alimpa mjukuu donge la udongo, akakaa mbele yake, akaanza kazi yake mwenyewe. Mtoto alitakiwa aone. Chungu cha mtoto kikipasuka motoni, bibi hakumkaripia. Alichukua vile vigae, akavitwanga mpaka vikawa kama chenga za mchele, akavichanganya na udongo mbichi ili uwe mgumu. Bernadeta alivunjikiwa na vyungu vingi sana kabla ya kupata kimoja kilichotoka motoni kizima. Bibi alikigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akasema, "Kapikie." Hakusema zaidi, na Bernadeta alikuwa akisimulia siku hiyo hata alipokuwa na wajukuu wake mwenyewe.

Kwa Waluguru mtu huhesabiwa kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na hata shimo la udongo wa kufinyangia, lililokuwa kwenye ukingo wa kijito chini ya Tawa, lilikuwa mali ya wanawake wa ukoo wao. Chausiku aliwaachia binti zake wawili, Sikudhani na Asha. Sikudhani ndiye aliyemzaa Bernadeta. Asha aliolewa chini, upande wa Mkuyuni, akaingia Uislamu pamoja na mume wake, akamzaa Shamsia. Kwa hiyo Bernadeta na Shamsia walikuwa ndugu wa mama mkubwa na mama mdogo, yaani kwa desturi yao dada mtu na mdogo mtu, na walijifunza kazi pamoja miguuni pa bibi mmoja. Bernadeta alikuwa hodari wa vyungu vya kupikia, vyepesi, vyenye mdomo mwembamba. Shamsia alikuwa na mitungi. Mitungi yake mikubwa ya maji, ambayo mtu mzima angeweza kuingiza mkono mpaka begani asiguse chini, haikuwa na mfano kutoka Matombo hadi Kiroka.

Lakini walikuwa hawasemezani. Mwaka wa tisa ulikuwa unakwenda. Masika moja yenye mvua nyingi ukingo wa kijito uliporomoka ukalifukia shimo lote, na mtu wa mwisho kuchimba pale alikuwa Shamsia. Bernadeta alisimama sokoni, mbele ya watu, akasema, "Tamaa yake imetufukia sote." Shamsia alisikia. Alijitwisha mzigo wake akateremka kwao, na tangu siku ile alichimba udongo kwingine, udongo wenye changarawe, wala hakupanda tena Tawa. Baadaye wanaume walipolizibua shimo waliona kwamba maji yalikuwa yamekula ukingo kutoka chini kabisa, mbali na pale alipokuwa akichimba Shamsia. Bernadeta alilijua hilo. Alilinyamazia. Kila mwaka uliopita ulifanya neno la kuomba radhi liwe zito zaidi mdomoni.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka ilipokuja habari ya maonyesho.

Reli ilikuwa imekwisha kupita Morogoro, na boma la Morogoro lilitaka kuonyesha mazao ya nchi yote iliyo chini yake. Akida Mikidadi, mtu wa Saadani mwenye kanzu safi na sauti ya upole, alikuja Tawa akawakusanya watu penye soko, akasoma barua. Kila jumbe apeleke mpunga, pamba, kahawa, mpira na nta, vya kutazamwa na kupimwa. Pia vilitakiwa vitu vya kazi za wenyeji. Vile vitakavyopendeza vitanunuliwa vipelekwe Ulaya, katika nyumba ya makumbusho.

"Hiyo ni nyumba gani?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni nyumba kubwa ambayo halali mtu," akida alieleza. "Vitu vinawekwa humo, watu wanaingia kutazama, wanatoka."

Wanaume wakaanza kutaja mara moja. Huyu ana upinde wa mjomba wake, yule ana ngoma, mwingine kiti cha kuchonga. Karani wa akida, kijana mwembamba aitwaye Yunusi, akawa anaandika. Bernadeta alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenziwe. Akapaza sauti.

"Bwana Akida, na sisi je?"

"Ninyi nani, mama?"

"Wanawake. Kazi za mikono yetu hazimo katika barua?"

Akida aliitazama tena ile barua, kwa uaminifu, kama anayeitafutia jibu lake humo. "Hazikutajwa. Lakini mama, chungu kiko katika kila jiko. Nani atakwenda Morogoro kutazama chungu?"

"Ndiyo maana nauliza," Bernadeta akasema. "Upinde wa mzee huyu haujaua hata panya tangu sijaolewa. Chungu kimempikia leo asubuhi."

Watu wakacheka, na mwenye upinde akacheka kuliko wote. Jumbe Kasiani, aliyependa mambo yaishe upesi, akasema wanawake nao walete, mradi wabebe wenyewe. Akida akakubali. Yunusi akaandika mstari mmoja chini kabisa.

Ndipo kazi ilipoanza. Bernadeta alikwenda kitongoji kwa kitongoji. Alimpata msukaji wa mikeka ya ukindu, Mwanahawa, mzee asiyeona vizuri tena lakini vidole vyake havikuwa vimesahau. Alimpata mama aliyesuka matenga yasiyovuja unga, na mwingine aliyetengeneza nyungo. Wanane kwa jumla, na yeye wa tisa. Jioni alivipanga vyungu vyake uani, akavitazama, na Lukasi akamwona uso umemshuka.

"Vina kasoro gani?" Lukasi akauliza.

"Havina. Lakini hapa hapana mtungi."

"Si unafinyanga mtungi?"

"Nafinyanga. Wewe unajua mtungi ni wa nani."

Lukasi akaketi kando yake. "Mama Benedikto, kama unakwenda kuonyesha kazi za wanawake wa huku bila kazi ya Shamsia, itakuwa unaonyesha kazi zako na majirani zako tu. Teremka."

Aliteremka kesho yake, peke yake, bila chochote mkononi, maana aliona zawadi ingefanana na hila. Alimkuta Shamsia nyuma ya nyumba, akikanda udongo kwa miguu, nguo ameifunga magotini. Shamsia alimwona, akaendelea kukanda. Bernadeta alikaa chini kwenye majani, akalitoa neno lake kama mtu anayejitoa mwiba.

"Mdogo wangu, ukingo ule uliliwa na maji. Nilijua tangu mwaka ule ule. Nilikuchafua jina mbele za watu, na nilipojua sikurudi kulisafisha. Nimekosa."

Shamsia alikanda mizunguko mingine mitatu minne. "Miaka tisa," akasema, "nimefinyanga kwa udongo wa changarawe. Unaona mikono yangu?" Akaigeuza. Ilikuwa imechanikachanika kwenye vidole.

Bernadeta aliiangalia, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Usilie bwana, utanilowanishia udongo," Shamsia akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Haya, sema kilichokuleta. Hukuja kwa hilo tu."

Bernadeta akamweleza habari ya maonyesho. Shamsia alisikiliza, akaingia ndani, akatoka amekumbatia mtungi mweusi, mzee, uliosuguliwa ukang'aa kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta. Bernadeta aliutambua kabla haujafika. Penye shingo palikuwa na vidoti vitatu na mkato mmoja wa mshazari, alama ya Chausiku.

"Nilidhani ulivunjika siku za msiba," akanong'ona.

"Mama yangu aliuchukua. Huu utakwenda pamoja na mtungi wangu mmoja, lakini huu hauuzwi. Na mimi nitakwenda nao."

Njia ya Morogoro kwa mguu ilikuwa siku mbili. Walikwenda wanawake kumi, vyungu vimelazwa kwenye matenga na kufungiwa majani makavu ya mgomba, Jumbe Kasiani mbele na wabebaji wa mpunga na kahawa. Maria, binti wa mdogo wake Bernadeta wa tumbo moja, aliyekuwa ameolewa mwaka ule, naye alifuatana nao, kwa sababu masista walikuwa wamemfundisha kusoma na kuandika na Bernadeta alisema mjini hakukosi karatasi. Penye vivuko walipokezana mizigo. Chungu kimoja tu kilipasuka, cha Bernadeta mwenyewe, alipoteleza kwenye jiwe karibu na Kiroka, na Shamsia alicheka mpaka ikabidi akae chini.

Morogoro ilikuwa imejaa watu. Mabanda ya makuti yalikuwa yamejengwa karibu na stesheni, bendera zimetundikwa, magunia ya mpunga yamepangwa kama ukuta. Mzungu aliyesimamia maonyesho, mtu mrefu mwenye kikohozi, watu walimwita Bwana Karatasi, kwa kuwa hakuonekana hata mara moja bila karatasi mkononi. Kiswahili alikijua, kile cha maneno mafupi mafupi. Alivitazama vitu vya wanawake kwa makini, akaviinua kimoja kimoja, akaonyesha waviweke kwenye meza pembeni, nyuma ya magunia. Kisha akaandika kikaratasi, akakiweka mbele yao.

"Kimesemaje?" Bernadeta akamwuliza Maria.

Maria akasoma. "Vyungu na mikeka. Uluguru."

"Basi?"

"Basi, mama mkubwa."

Bernadeta alimfuata Bwana Karatasi, ambaye alikuwa ameshageukia kahawa. Jumbe Kasiani alimshika mkono amzuie, akachelewa.

"Bwana, shikamoo. Kikaratasi kile kimesema Uluguru."

"Ndiyo. Uluguru. Si mmetoka huko?"

"Tumetoka huko. Lakini Uluguru ni mlima, bwana. Mlima umefinyanga lini?"

Bwana Karatasi akamtazama kama aliyeamshwa. Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama, maana mtu hakuzoea kuona Mzungu wa serikali akiulizwa swali na mwanamke mwenye kitenga kichwani. Mzungu akakohoa, halafu, kwa mshangao wa wote, akacheka.

"Unataka nini?"

"Aliyefinyanga aandikwe. Na aliyemfundisha aandikwe. Bwana mwenye shamba la kahawa pale ameandikwa jina lake, nimeuliza. Na kahawa imeota yenyewe."

"Karatasi ni ndogo."

"Ninaye mwandishi," Bernadeta akasema, "mwandiko wake ni mdogo."

Alipewa karatasi. Labda yule bwana alifikiri ni mchezo utakaokwisha mara moja, lakini Maria alikaa chini kando ya meza na kalamu asubuhi nzima, na wanawake wakaja mmoja mmoja kusema. Mkeka huu umesukwa na Mwanahawa, aliyefundishwa na Siwema mama yake. Chungu hiki ni cha Bernadeta, mtoto wa Sikudhani, mtoto wa Chausiku. Mtungi huu ni wa Shamsia, mtoto wa Asha, mtoto wa Chausiku. Wengine walifika mpaka mama wa tano, kwa sababu majina ya mama kwao ndiyo mtu anayokua akiyajua. Yule mzee wa mikeka aliposomewa ya kwake aliomba asomewe tena. Kisha akaomba aoneshwe jina la mama yake liko wapi, akaliwekea kidole pale pale, ijapokuwa macho yake hayakuliona.

Watu walianza kukusanyika. Wake wa makarani na wafanyabiashara wa mjini, mafundi wa reli, wanawake wa sokoni waliokuja kuuza ndizi, wote walitaka kusomewa. Mama mmoja wa mjini akapiga kelele, "Siwema huyo ni shangazi wa bibi yangu!" na akamkumbatia Mwanahawa mbele ya kila mtu. Baada ya adhuhuri Bwana Karatasi mwenyewe aliamuru magunia yasogezwe.

Siku ya pili Shamsia aliomba udongo. Walimletea wa Mto Morogoro, ambao aliuonja kwa ulimi na kusema si mbaya. Akaanza kufinyanga mtungi mkubwa mbele ya watu, akiuzunguka yeye, maana mtungi wenyewe ulikaa chini bila kugeuka. Alikwenda kinyumenyume, mgongo umeinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje, ukuta ukipanda sawasawa kwa kila mzunguko. Bernadeta alikuwa akimkatia mapande na kumpa, na hawakuhitaji kusemezana; mkono ulinyooka na pande likawa tayari. Wanaume waliokuwa wakizungumza juu ya pamba waliacha. Mdomo ulipomalizika na Shamsia akasimama wima, akijishika kiuno, vilipigwa vigelegele mpaka Bwana Karatasi akajikuta naye anapiga makofi, karatasi zake ameziweka chini kwa mara ya kwanza.

Alitaka kununua vyote. Bernadeta na wenziwe walishauriana, wakauza vingi, isipokuwa mtungi wa Chausiku, ambao Shamsia aliufunga kwenye kanga yake mapema kabisa ili pasiwe na mazungumzo. Sharti lilikuwa moja, na Bernadeta alilisema mara tatu: vikaratasi viende na vitu.

"Vitakwenda," Bwana Karatasi akasema. Akafungua daftari lake kubwa, akanakili majina yote kwa mkono wake, polepole, akimwuliza Maria herufi alizozitilia shaka. Alipofika kwa Chausiku aliuliza, "Huyu yuko wapi?"

"Amekufa."

"Naye niandike?"

"Huyo uandike vizuri zaidi."

Kama majina hayo yalifika Ulaya, na kama yalisomwa na mtu yeyote katika nyumba ile ambayo halali mtu, hakuna aliyejua Tawa. Kulikuwa pia na cheti cha sifa kwa kazi nzuri ya mikono, na kwa kuwa vyeti vilitolewa kwa majumbe, kiliandikwa jina la Kasiani. Alikitundika ukutani kwake. Wanawake walimwachia, ila mkewe kila alipomkasirikia alimwambia akachukue udongo afinyange chungu wamwone.

Lakini Bernadeta hakurudi vile alivyokwenda. Njiani wakirejea, wanawake walikuwa wakiendelea kutajiana mama zao, mmoja akianza na mwingine akimsahihisha, na walipopumzika Mkuyuni yeye aliwaambia wazo lake. Kwa nini wangoje barua ya boma? Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, waliomba uwanja wa soko la Tawa kwa siku moja. Padre wa Matombo alisema hana kizuizi maadamu si Jumapili. Akida Mikidadi alimtuma Yunusi asaidie kuandika, naye Yunusi alikuja amevaa kofia mpya, akakuta Maria ameshamaliza nusu.

Walikuja kutoka mabondeni, Wakristo na Waislamu, kila mmoja na kitu. Vingi vilikuwa vipya, lakini vingine vilitolewa vifichoni: mwiko uliochakaa upande mmoja kwa kukorogea, shanga za mwali, jembe lililobaki kipande kidogo kama jani, la mwanamke aliyefungua shamba la mlimani peke yake baada ya kufiwa na mume. Shamsia alikuja jana yake na akalala nyumba ya Bernadeta, jambo lililowachosha watu wote wa nyumba kwa maana hawakuacha kuzungumza.

Katikati ya siku alitokea mwanamke kijana aitwaye Asia, wa kutoka ng'ambo ya mto Mvuha. Hakuwa na kitu mkononi. Alipita mbele ya kila mkeka na kila chungu, akisimama penye kila kikaratasi, ijapokuwa hakujua kusoma. Bernadeta alimwendea.

"Mwanangu, unatafuta nini?"

"Shikamoo mama. Mama yangu alifariki nikinyonya. Baba hakuniambia mengi. Nimesikia kwamba huku majina ya wanawake yanasomwa."

"Aliitwa nani?"

"Nasikia aliitwa Tatu. Alikuwa anasuka."

Bernadeta alimshika mkono akampeleka kwa Mwanahawa. Yule mzee alimsogeza karibu, akampapasa uso, paji, pua, kidevu, akachukua na vidole vyake akavipima urefu.

"Tatu wa Kibungo," Mwanahawa akasema. "Nilimfundisha mimi. Alikuwa hana subira, ukindu ulimkata kila siku, na alikuwa anaimba. Kaa hapa. Nani ana mkeka wa Tatu? Ulizeni, lazima upo."

Uliulizwa uwanja mzima, na kweli ulikuwepo, katika nyumba ya jirani mmoja aliyeukalia miaka yote bila kufikiri. Ulichukuliwa mbio ukakung'utwa. Ulikuwa umekwisha rangi, umetoboka pembe moja, lakini msuko wa ukili wake ulikuwa umebana kama siku uliposukwa. Asia hakulia. Aliukalia taratibu, miguu ameinyoosha, akawa anaupitisha mkono juu yake, na wanawake wakakaa kuuzunguka mkeka, kila aliyemjua Tatu akisema alichokumbuka, mwingine jinsi alivyocheka, mwingine jinsi alivyoiba maembe mabichi alipokuwa na mimba.

Maria alikuja na kalamu. "Niandikeje, mama mkubwa?"

"Usiniulize mimi," Bernadeta akasema. "Mwulize mwenyewe."

Asia alifikiri. "Andika: Tatu. Mtoto wake ni Asia."

Chakula kilikuwa kimeiva. Lukasi, aliyejitolea kusimamia vyungu siku ile ili mkewe apumzike, alikuwa ameunguza wali kidogo upande mmoja na alikuwa akimweleza kila mtu kwamba ni kosa la kuni. Bernadeta alipakua, akampelekea Asia sahani palepale mkekani, akaketi naye, wakala.